Tumbo likikuuma bajaji inapopita kwenye matuta, usigeuze kurudi nyumbani

Maumivu ya kidole tumbo, kile kijifuko cha utumbo kinachoweza kuvimba, yalinianzia kitovuni Jumapili jioni, nikadhani ni chakula. Usiku nikatapika mara mbili. Kulipokucha yalikuwa yameshuka chini upande wa kulia, yametulia palepale. Shangazi akasema ni chango, akabandika dawa jikoni. Duka la dawa wakasema UTI, wakanipa vidonge vya maumivu. Vilituliza kweli, na ndivyo nilivyopoteza siku nzima.

Nilipanda bajaji kutoka Tandika, na kila tuta nilishika tumbo kwa mikono miwili. Swali la kwanza la daktari wa zamu: "Dada, njiani kwenye matuta ulijisikiaje?" Akanibonyeza taratibu, akaachia ghafla, nikapiga yowe. Akaagiza damu, mkojo, ultrasaundi na kipimo cha mimba. Dada zangu, hicho cha mimba msikikatae hata kama mna hakika. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kuuma vilevile, na inaua haraka.

Ikawa ni kidole tumbo, na changu kilitolewa kwa matundu madogo, bila kupasua tumbo lote. Yalikuwa 3, moja hapo kitovuni panapopita kamera, na tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi ili daktari apate nafasi ya kuona. Kesho yake nilijiendea chooni mwenyewe, kesho kutwa nikaruhusiwa. Kaka yangu, miaka michache kabla, alivumilia siku 4 kwa vidonge mpaka kikapasuka. Yeye alipasuliwa katikati ya tumbo, akawekewa mpira wa kutoa usaha, akalala wodini wiki 2. Watu hudhani mimi nilipata hospitali nzuri zaidi. Ni hospitali ileile. Yeye alichelewa siku 4, mimi moja.

Matundu yana faida, kidonda hakishiki usaha kirahisi na mtu hurudi kazini mapema. Lakini kidole kikishapasuka, usaha unaweza kujikusanya ndani ya tumbo hata nje ukaonekana umepona. Na fomu unayosaini inaruhusu daktari kuacha matundu na kupasua kawaida akikuta hali mbaya. Ndugu waelezwe hilo mapema, wasije wakaanza kelele mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kama una bima, ulizeni papo hapo inalipia aina gani.

Kitu ambacho sikuambiwa ni bega. Usiku wa kwanza bega la kulia liliniuma kuliko tumbo, nikalia nikijua ni moyo. Nesi akanishika mkono: "Ni hewa iliyobaki ndani, mama, itaisha. Amka utembee kidogo." Siku ya tatu likaacha.

Nyumbani ndoo za maji wabebe wengine. Homa ikipanda, tumbo likijaa au kidonda kikitoa maji, rudi siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Na kidole kilichopelekwa maabara, fuatilia majibu yake. Mara chache sana hukutwa uvimbe ndani, na mgonjwa asiyefuata majibu hatajua.