Shangazi, jirani wa juu ananivunjia ndoa

Msomaji wangu wa Upanga, Dar es Salaam, ana miezi minane hapati usingizi. Nyumba iliyo juu yake ilitolewa zulia lote ikawekwa marumaru, na tangu hapo kila hatua inamshukia kichwani. Viti vinaburutwa saa tano usiku, watoto wanakimbizana, na saa kumi alfajiri "kitu kinagonga na kukwaruza, gu-gu-gu, nusu saa nzima". Mumewe anamwambia azoee. Amekataa kupanda kugomba, tena humsalimia huyo mwanamke wa juu kwenye ngazi kwa bashasha. Sasa mume amehamia kulala sebuleni. Msomaji anauliza amshitaki jirani, au aanze na mume.

Mwanangu, pole. Kukosa usingizi ni mateso, na kukwambia "zoea" mumeo kakosea. Kwingine kote niko upande wake.

Umeniandikia kurasa tatu. Unajua saa anayoamka jirani yako, saa anayooga, siku wanawe wasipokwenda shule. Jina lake sikuliona popote. Miaka miwili mnapishana ngazi moja naye bado ni "yule wa juu". Halafu ukapitisha harakaharaka, mwishoni mwa ukurasa wa pili, kwamba huwa unamgongea dari kwa mpini wa fagio. Ndiyo salamu pekee uliyowahi kumpa.

Umesema pia kwamba alfajiri ngazi inanukia iliki, naye hushuka na ndoo yenye mfuniko. Wewe umeona ndoo, mimi nimeona vitumbua. Hiyo gu-gu-gu ni mbuzi ya nazi. Mbuzi ikikaa juu ya marumaru bila kitu chini yake, kila ukikuna miguu inapiga sakafu. Hakuamka kukukomoa, ameamka kutafuta ada ya hao watoto wanaokimbizana. Na katika kurasa zote tatu hukusikia sauti ya mwanamume huko juu. Sasa unataka mumeo akabishe hodi saa tano usiku kwa mwanamke anayelea peke yake? Angekwenda, leo ningekuwa nasoma barua nyingine kabisa.

Hili la waume kugeuzwa askari wa kutumwa kwa majirani linaniuma. Sisi tuliolelewa nyumba za vyumba sita za Magomeni, ukuta ulikuwa haufiki juu. Mtoto wa chumba cha mwisho akikohoa, wote tunajua. Ugomvi ulikuwepo. Ulimalizwa uani na akina mama wenyewe, mikono ikiwa kwenye sufuria. Siku hizi tumejifungia nyuma ya magrili, mke hamjui jirani, kisha mume akirudi kazini anapokewa na mashitaka kabla ya maji ya kunywa. Akikaa kimya, anaambiwa hampendi mkewe. Nyumba ngapi zimeingia ubaridi kwa namna hiyo! Mwanangu, sebuleni kwako kuna dari ileile na marumaru yaleyale juu yake. Mumeo hakuzikimbia kelele. Amekimbia malalamiko yako ya kila usiku.

Hiyo dari ya jipsam aliyokuambia fundi uiweke kuzuia kelele, achana nayo kwanza. Kishindo cha mguu hakipiti hewani kama sauti ya redio. Kinaingia kwenye zege, kinashuka na kuta, kinakufikia hata ukiziba dari. Dawa yake iko juu, pale mguu unapokanyaga. Chukua sehemu ya pesa ya fundi, umnunulie jirani zulia nene la ukumbini, na mkeka wenye sponji chini kwa ajili ya ile njia ya watoto. Mbuzi iwekwe juu ya kipande cha godoro kuukuu au gunia lililokunjwa mara nne.

Viti navyo nina dawa yake, maana nilitendewa. Nilipohamia ghorofani, mama wa chini yangu alipanda siku moja na kandambili mbovu, wembe na supaglu. Akakata viduara, akaviinua viti vyangu kimoja kimoja, akabandika chini ya miguu huku akiniuliza habari za Tanga. Sikujua hata kama nilikuwa namsumbua. Miaka kumi na moja hatukuwahi kukosana, na alipofiwa nililala kwake siku saba.

Kushitaki kupo. Kama sehemu za jengo lenu zinamilikiwa kwa ile sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, basi kuna chama cha wamiliki chenye kanuni zake. Kama mnapanga, mwenye nyumba aliyetoa zulia abebe mzigo wake, kisha serikali ya mtaa. Lakini usikanyage huko kabla hujakanyaga ngazi.

Nenda Jumamosi saa nne, akisharudi kuuza. Usiende na mumeo. Nunua vitumbua vyake vilivyobaki, uombe radhi kwa fagio, ndipo umweleze unavyosikia ukiwa chini. Mwalike ashuke asikie mwenyewe watoto wakipita. Na usiku huo, mumeo akirudi, mpe maji kwanza. Habari ya juu usiitaje mpaka aiulize yeye.