Majarida ya Kielektroniki: Tumenunua au Tumepanga?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkutubi wa chuo kimoja nchini Tanzania. Kwa miaka mitatu tulilipia kanzidata ya majarida. Mwaka huu fungu halikutosha, tukaacha kulipa, na mkataba ulipokwisha wanafunzi wakafungiwa hata matoleo ya miaka tuliyokwisha kuyalipia. Mkuu wa chuo ananiuliza fedha zile zilinunua nini. Sera yetu ya mkusanyo, yaani ya kuchagua na kutunza machapisho, iliyoandikwa zama za vitabu vya karatasi, haisemi lolote. Tuandike nini?

JIBU: Ndugu Mkutubi, kwa jinsi ulivyoeleza, fedha zile hazikununua kitu, zililipa kodi ya pango. Kitabu cha karatasi ukishakilipia ni mali ya maktaba hadi kichakae, lakini jarida la kielektroniki hukaa kwenye seva za mchapishaji, na haki yenu ya kulisoma hutoka katika leseni tu. Kwa hiyo sera ikataze kutia saini mkataba wowote usioeleza kitakachobaki mikononi mwenu malipo yakikoma, yaani kama mtaendelea kusoma matoleo mliyolipia, na kama mtayasomea kwa mchapishaji mwenyewe au katika hifadhi ya pamoja ya majarida ya kielektroniki kama Portico. Hata maktaba zenye fedha hubanwa: mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji HarperCollins iliziwekea maktaba kikomo cha kuazimisha kila kitabu cha kielektroniki mara 26, kisha leseni inunuliwe upya.

Sera itaje pia kipimo cha kuendelea au kuacha. Dai takwimu za matumizi zinazofuata kanuni za COUNTER, yaani kanuni za kimataifa za kuhesabu matumizi ya machapisho ya kielektroniki, ugawanye ada kwa idadi ya makala zilizofunguliwa upate gharama ya kila moja. Hata hivyo, nisingekata jarida kwa tarakimu peke yake, kwani linalosomwa na wahadhiri wawili huenda ndilo linalobeba somo zima.

Kabla ya kulipa chochote, ulizeni kama chuo chenu kinastahili kujiunga na Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 na Hinari, huduma ya majarida ya afya ya Shirika la Afya Duniani, ambao hutoa majarida bure au kwa ada ndogo kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Kwa yale ya kulipia, ni nafuu kuingia kupitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, kuliko kujadiliana bei peke yenu.

Na kuhusu fedha zilizokwisha kwenda, utoeni mkataba wa zamani kabatini mkasome kifungu cha usitishaji, kwa maana huenda haki ya kudumu ya kusoma mliyolipia imo humo na hakuna aliyeidai.