Nyama ya kwenye mtindi: nje imepondeka, ndani bado mpira

Mkuu umesema uliloweka nyama ya ng'ombe kwenye mtindi na ndimu siku mbili nzima, ukaichoma, nje ikawa inapondeka kama uji ila ndani unavuta mpaka taya zinauma. Pole sana. Mimi yalinikuta kwenye kidari cha kuku, nilikiacha kwenye mtindi tangu juzi yake nikijua ndo kitalainika zaidi, wageni wamekaa mezani nyama ipo kama chaki, inavunjika vunjika mdomoni na haina maji kabisa. Toka siku hiyo nikaanza kufuatilia hii kitu kwa makini.

Kwanza elewa mtindi unafanya kazi juu juu. Ile asidi yake inaingia milimita chache tu, haifiki katikati ya pande nene hata ungeliacha wiki. Kwahiyo siku mbili zako zimeumiza nje tu na ndani hakuna kilichofika. Kinachoingia ndani kweli ni chumvi, na watu wengi wanaisahau, wanajaza bizari na tangawizi halafu chumvi wanaweka kwenye moto! Chumvi weka humo humo kwenye mtindi tangu mwanzo, ndo inafanya nyama ishike maji yake wakati inaiva. Kilo moja ya nyama mimi naweka kikombe kimoja cha mtindi na vijiko viwili vya chai vya chumvi, basi.

Pili ondoa ndimu. Uzuri wa mtindi ni kwamba ni mpole, ukipima pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo ndo kali zaidi) ndimu ipo kwenye 2 na kitu, mtindi 4 na kitu, na kila namba moja pale ni mara 10, kwahiyo ndimu ni kali kama mara 100 hivi. Ukichanganya vyote umeua ule upole uliokuwa unautafuta. Ukitaka harufu ya ndimu kamulia mwishoni nyama ikishaiva. Papai bichi nalo usiliweke pamoja, lile lina kimeng'enya chake kinachokata protini haraka sana, ukilisahau kidogo tu nyama inageuka uji.

Muda sasa. Samaki nusu saa inatosha, vipande vya kidari masaa mawili mpaka manne, paja la kuku lenye mfupa hata usiku mzima halina shida, mbuzi na ng'ombe usiku mmoja. Zaidi ya masaa 24 sioni faida yoyote. Na iwe ndani ya friji, sio juu ya meza, kwenye bakuli la kioo au plastiki, sufuria ya alumini hapana maana asidi inaila. Mtindi wenyewe uwe mzito, wa maziwa yenye mafuta, USIO NA SUKARI. Ule wa vanila au stroberi utaungua kabla nyama haijaiva. Kama ni mwepesi uchuje kwanza kwa kitambaa safi.

Halafu hapa ndo naona shida yako kubwa ilipo, kipande. Mtindi hauyeyushi ile mishipa na ngozi ngozi nyeupe zilizopita kwenye nyama ya shingo au muundi, zile zinataka moto mdogo na masaa mengi zigeuke ule ute mzito wa mchuzi. Hakuna cha kuloweka kitakachofanya muundi uchomeke kama steki, hata mtu akuapie. Ya kuchoma chagua kipande laini, kata vipande vidogo vya sentimita 2 au 3, na kisu kipite kukatisha nyuzi za nyama, sio kuzifuata. Hii peke yake inasaidia kuliko mtindi wote huo!

Kabla ya kuweka kwenye moto futa mtindi uliozidi, bakisha utando mwembamba tu. Ukiacha mwingi nyama inachemka badala ya kuchomeka na ile rangi ya kahawia huipati. Na mtindi uliobaki kwenye bakuli umwage, umeshakaa na nyama mbichi huo, usije ukaupaka tena kwenye nyama iliyoiva.

Hebu niambie ulitumia nyama ya sehemu gani na ulikata unene gani, kama ilikuwa ya mguu wa nyuma nitakwambia namna ya kuifanya kwenye oveni.