Baba anabanwa kifua, mimi fegi zimenishinda: ni ya damu?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 39, naendesha bajaji Mbagala. Fegi nilianza nikiwa form two, sasa hivi pakti inaisha kwa siku, nimejaribu kuacha mara nne ila siku ya tatu arosto inanishika nagombana mpaka na abiria. Mzee wangu nae alivuta sana, saa hizi akipanda ngazi tano anahema balaa, hospitali wakasema ni COPD, ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Ila babu mzaa mama alivuta mpaka anafikisha 80 na kifua hakikumsumbua. Hii kitu ni ya damu? Kama nimerithi si ndo basi tena?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kurithi kupo kweli, lakini "basi tena" hapana, hilo nakukatalia kabisa.

Mwaka 2008 watafiti walikuta sehemu moja kwenye kromosomu namba 15, kuna kinasaba kinaitwa CHRNA5, kinatengeneza kipande cha mlango wa seli za ubongo ambao nikotini, ile kilevi ya kwenye fegi, inaufungua. Kwa panya imeonekana mlango huo ndo unaoleta ile hali ya kuchefukwa nikotini ikizidi, yaani ni breki, sasa ukirithi breki legevu unavuta moja unataka nyingine. Sehemu hiyohiyo imehusishwa na saratani ya mapafu na COPD, na sababu kubwa ni kwamba mtu anavuta nyingi na anavuta moshi mpaka ndani kabisa. Ila hiyo aina imejaa zaidi kwa Wazungu, kwetu Waafrika ni adimu, kwahiyo usijipachike. Kuna kingine, CYP2A6, hiki kinafanya kazi kwenye ini, kama ini lako linavunja nikotini fasta unaishiwa mapema na arosto inakuja haraka. Vinasaba viko vingi na kila kimoja kinasukuma kidogo tu.

Babu yako sasa. Mapafu hayafanani, wapo wanaovuta miaka yote COPD isiwapate, na hakuna anayejua mapema kwamba ataangukia upande gani. Wewe baba yako ameshaangukia huku, kwahiyo kuigiza babu ni kucheza kamari na pumzi yako.

Kushindwa siku ya tatu sio uzembe, ndo siku arosto iko juu kabisa, na ulikuwa unapambana mikono mitupu. Safari hii anza na dawa, ulizia famasi bigijii au plasta ya nikotini, na mwambie daktari unavuta ngapi na ya kwanza unaiwasha dakika ngapi baada ya kuamka, hilo swali linaonyesha nikotini imekukamata kiasi gani. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa tangu 1951, walioacha wakiwa na miaka 40 hivi waliongeza karibu miaka 9 ya kuishi. Umri wako huo! Na omba upimwe spairometri, kipimo cha mapafu, unapuliza kwenye mashine na dakika chache tu kimeisha.

Mzee nae asiachwe. Kama bado anavuta aache, hata sasa, mapafu yaliyoharibika hayarudi ila kasi ya kuharibika inapungua. Na kama nyumbani mnapikia mkaa ndani, jiko litoke uani leo, moshi ule nao unaleta COPD hata kwa asiyewahi kushika sigara. Akianza kukohoa damu au kukonda, mpeleke apimwe makohozi, TB inajificha sana nyuma ya kifua cha mvutaji.