Mjomba, ni kweli huku ninampigia kura diwani

Shikamoo mjomba, na wengine wote mtakaosomewa. Mlisikia kwamba Mei 2025 nilikwenda kupiga kura huku Uingereza, basi maswali yakaja kwa fujo. Wewe umeuliza mgeni anapata wapi ubavu wa kuwachagulia wenyeji kiongozi. Shangazi anataka nimwambie diwani wangu amfanyie mpango wa viza. Na binamu, ambaye najua anaipigia hesabu fomu ya udiwani, anauliza kwa nini na mimi nisigombee huku. Nitawajibu bila kupaka rangi, ila kata yangu sitaitaja, maana madiwani wake ni watu wanaojulikana. Jueni tu niko Midlands, katikati ya nchi, kama saa moja kutoka mji wa Leicester.

La viza tulimalize kwanza. Diwani wa huku hana mkono kwenye uhamiaji hata kidogo. Hilo ni la serikali kuu London. Polisi si wake, hospitali si yake. Kazi yake ni taka, maktaba, bustani, mashimo ya barabarani, vibali vya ujenzi, nyumba za halmashauri, uangalizi wa wazee na watoto walio hatarini. Shangazi, anisamehe, lakini hata nikimpigia magoti hana cha kunipa.

Sasa la ugeni. Sina uraia wa Uingereza, na kura sikuipata kwa kubembeleza mtu. Sheria yao inasema raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anajiandikisha na kupiga kura, ya diwani na hata ya mbunge. Mwanafunzi wa Kenya aliyekuja kusoma, muuguzi wa Uganda, mimi Mtanzania mwenye viza ya kazi ya kulea wazee, wote tumo. Rwanda nao wamo tangu walipoingia Madola mwaka 2009. Kujiandikisha ni kwenye mtandao, ukiwa na namba yako ya bima ya taifa humalizi hata chai. Tena si hiari kama mnavyodhani: halmashauri inaandikia kila nyumba kuuliza nani anaishi humo, na kukataa kujibu kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000.

Ila usawa wenyewe una tundu. Jirani yangu ni mama wa Bukavu, Kiswahili chake kitamu kuliko changu, amekaa hapa miaka mingi kuliko mimi na kodi ya halmashauri analipa kama mimi. Kongo haimo Madola, basi mpaka apate uraia ataishia kuchungulia dirishani wenzake wakienda kituoni. Watu wa Burundi vivyo hivyo. Kinachotutenganisha mimi na yeye ni nani alitutawala babu zetu, basi. Sijaona bado mtu aliyeweza kumweleza jambo hilo akaridhika.

Na la kwangu linalonikera zaidi ni kwamba nyumbani siwezi. Pasipoti ya Tanzania inanipa kura ya diwani wa Kiingereza, lakini kwa uchaguzi wetu Mtanzania aliye nje hana pa kupigia. Rais siwezi kumchagua, mbunge siwezi, hata diwani wa kata nilikozikwa kitovu siwezi. Wewe mjomba umeniuliza ubavu wa kuchagua huku nimeutoa wapi. Waulize na wakubwa wa huko ubavu wangu wa kuchagua kwetu waliuweka wapi.

Siku yenyewe ya kura mngecheka. Ni Alhamisi, hakuna mapumziko, watu wako kazini. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, kwa hiyo nilipita nikitoka zamu. Kituo chetu ni ukumbi wa kanisa. Hakuna foleni, hakuna mgambo, hakuna wino wa kidole. Nje palikuwa na mbwa amefungwa kwenye uzio akimsubiri mwenyewe. Mlangoni wanakaa mawakala wa vyama na beji zao, wanakuuliza namba yako ya daftari wajue nani kati ya watu wao hajatokea bado wamfuate nyumbani. Huna lazima ya kuwajibu. Ndani, karani mmoja, bibi wa makamo, aliomba kitambulisho. Utaratibu huo umeanza Mei 2023 tu, zamani ulikuwa unataja jina na anwani ukaaminiwa. Nikampa pasipoti yangu ya Tanzania, maana ya nchi ya Madola inakubalika. Akatazama picha, akanitazama mimi, akachukua rula akakata jina langu mstari uliyonyooka kana kwamba anasahihisha daftari la mtoto. Kata yetu ina madiwani watatu, kwa hiyo unaweka alama hadi tatu, kwa penseli iliyofungwa uzi wasije wakaiba. Naam, penseli. Binamu najua ameshashika kichwa.

Na bado halijaisha. Kila karatasi ina namba, na karani anaandika namba hiyo pembeni ya namba yako kwenye orodha yake. Kinadharia kura yako inaweza kufuatiliwa kwa amri ya mahakama. Karatasi zinafungwa na lakiri, zinakaa mwaka mmoja, kisha zinaharibiwa. Huku hakuna anayelalamika. Jambo hilo likisemwa kwetu watu watakataa kupiga kura, na sitawalaumu, kwa sababu penseli na namba vinategemea watu kumwamini aliyeshika sanduku.

Kampeni ni kavu mno. Hakuna gari la matangazo, hakuna fulana wala khanga, hakuna pilau. Pilau hasa ni kosa la jinai: kumlisha au kumnywesha mpiga kura ili akupe kura kunakatazwa na sheria iliyo na zaidi ya miaka mia. Mtakumbuka takrima yetu, ile ya kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Huku mambo hayo waliyapiga vita wakati wa Malkia Victoria. Matumizi nayo yana kikomo. Kata yenye wapiga kura 10,000, mgombea haruhusiwi hata kufikia pauni 2,000. Kwa hiyo unachopata ni vipeperushi kwenye tundu la barua, na kila kimoja kina picha ya mgombea ameinama akinyooshea kidole shimo la barabarani kwa uso wa huzuni, kama amefiwa. Sijajua ni nani aliyewafundisha pozi hilo, ila vyama vyote wanalo.

Msije mkadhani basi ni malaika. Tower Hamlets, mashariki mwa London, uchaguzi wa meya wa 2014 ulifutwa na mahakama mwaka uliofuata kwa vitendo vya rushwa na hila. Meya mwenyewe, Lutfur Rahman, alizuiwa kugombea miaka mitano. Mwaka 2022 akarudi, watu wakamchagua tena. Na wale wenye kusema chama kimoja kuzoa kila kiti ni ugonjwa wa Afrika, waende Lewisham: 2018 chama cha Labour kilichukua viti vyote 54 vya madiwani, 2022 kikachukua tena vyote 54. Hapakuwa na wizi. Ni mfumo tu: anayeongoza kwenye kata anabeba, na wa pili hata akiwa na theluthi ya kura anakwenda nyumbani mikono mitupu. Kura zikilingana sawasawa wanapiga bahati nasibu. South Blyth huko Northumberland, 2017, walivuta vijiti, na kijiti hicho ndicho kilichokinyima chama cha Conservative wingi kwenye halmashauri nzima. Jambo zima la maendeleo ya watu, kijiti!

Huyo diwani ananisaidia nini? Mwaka ule ukungu mweusi ulipopanda ukutani chumbani kwa mtoto, wakala wa mwenye nyumba alikuwa hajibu simu. Mwenzangu wa kazini akaniambia niende maktaba Jumamosi, madiwani wanakaa pale kusikiliza shida. Nikamkuta mama mmoja mstaafu, amekaa kwenye meza ya watoto, magoti yanagonga meza, mbele yake daftari la shule. Alitaka picha za ukuta, tarehe nilizopiga simu, jina la mwanangu na umri. Hakuahidi kitu. Jumatatu alikuwa ameshaandikia maofisa wa afya ya mazingira, na nakala akanitumia. Ofisa akaja na kifaa cha kupimia unyevu, akakichomeka ukutani, akaandika, na mwenye nyumba akapewa agizo la kutengeneza. Akatengeneza kweli. Kisha akapandisha kodi ya pango. Nilirudi kwa yule mama, akaniambia wazi kwamba kwenye kodi ya pango hana la kufanya.

Hapo ndipo penye jibu langu lote, mjomba. Diwani wa huku anapatikana, anajibu, na nguvu zake ni fupi. Fedha za halmashauri nyingi zinamezwa na uangalizi wa wazee na watoto, ambao sheria inawalazimisha, na kinachobaki ndicho kinachogombaniwa na maktaba, bustani na mashimo. Kodi yenyewe ya halmashauri inapimwa kwa thamani ya nyumba ya mwaka 1991, na halmashauri kama yetu ikitaka kuipandisha kwa asilimia tano au zaidi kwa kawaida lazima iitishe kura ya maoni. Birmingham, halmashauri kubwa kuliko zote Ulaya kwa wanavyojisifu, Septemba 2023 ilitangaza kwamba haiwezi kusawazisha hesabu zake, na mwaka uliofuata ikaruhusiwa kupandisha kodi karibu asilimia kumi huku ikikata huduma. Diwani anayekuahidi makubwa huku ama hajasoma bajeti ama anakudanganya.

Wenyeji wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hawaendi. Uchaguzi wa madiwani ukiwa peke yake, mara nyingi ni mtu mmoja kati ya watatu hivi anayetokea. Watu wetu ni wabaya zaidi. Waswahili wa hapa wanajua matokeo ya Simba na Yanga dakika kwa dakika, lakini muulize diwani wake nani. Wanasema "hii si nchi yetu". Mei ile wakati wao wamelala, wengine walikwenda: Reform UK, chama kilichobeba uhamiaji kama ajenda yake kubwa, kilizoa viti 677 na kushika halmashauri 10 za Uingereza, yetu ikiwamo. Uhamiaji si kazi ya diwani, nimeshasema. Lakini kura ilipigwa kwa hasira hiyo, na sasa waliochaguliwa kwa hasira hiyo ndio wanaopanga bajeti ya maktaba na ya wazee ninaowalea. Sitawaficha kwamba vipeperushi vingine nilivisoma mara mbili nikiangalia watoto wangu. Na mitaani hakuna aliyenitukana. Bibi ninayemwogesha kila asubuhi ndiyo aliwapigia, aliniambia mwenyewe, akanishika mkono akasema, "Si wewe, mpenzi, wewe ni mwingine." Nikamfunga vifungo vya sweta nikaendelea na kazi.

Kuhusu ugeni, nitawapeni na ya Leicester. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, mji umejaa. Wakaja kwa maelfu. Wakafungua maduka, wakajiandikisha, wakapiga kura kata kwa kata, wakagombea. Mwaka 1987 mji uleule ulimpata Meya wa heshima Mwasia, Gordhan Parmar. Nikienda Leicester kununua unga na bizari, wazee wa Kihindi wananijibu kwa Kiswahili cha Kampala, na watoto wao wamo ndani ya halmashauri iliyowatangazia wasije. Wao hawakusubiri kwanza nchi iwe yao.

Binamu, sasa zamu yako. Kugombea huku ni rahisi kwenye karatasi: hakuna dhamana ya fedha, na tangu 2022 unahitaji sahihi mbili tu za wapiga kura wa eneo. Usipochaguliwa umepoteza viatu na sauti. Lakini mimi siwezi, kwa sababu kupiga kura inatosha kuwa na kibali chochote, na kugombea lazima uwe na ukaazi wa kudumu. Wangu haujafika. Na hata ukifika sioni. Udiwani huku hauna mshahara, una posho, na kwenye halmashauri nyingi ya msingi ni kati ya pauni 5,000 na 15,000 kwa mwaka. Vikao ni jioni, na jioni ndiyo zamu zangu zinapoanza. Ukikosa vikao miezi sita mfululizo bila ruhusa, kiti kimekwenda. Ndiyo maana ukumbi wao umejaa wastaafu na watu wenye kazi zinazowasubiri. Mbeba zamu hayumo, na mambo ya wabeba zamu yanaamuliwa na watu wanaoyasikia maktaba Jumamosi.

Chama kimoja, sitakitaja, kilinigongea mlango baada ya uchaguzi, kikaniuliza kama nitasaidia kugawa vipeperushi mwakani. Nimekubali mtaa wetu tu, kwa sharti kwamba vile vya picha ya shimo wavigawe wenyewe.