Mpango wa Kurejesha Huduma Hauandikwi kwa Ajili ya Mkaguzi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana anayesimamia kitengo cha TEHAMA katika chama cha akiba na mikopo huko Makambako. Baada ya shikamoo na pole ya majukumu, aliniomba, "Dada, nisaidie mpango wa maafa wowote ulionao," yaani maelezo ya jinsi taasisi itakavyorejesha mifumo yake ya kompyuta baada ya janga, abadilishe jina la taasisi na kuuwasilisha kwa mkaguzi kabla ya mwisho wa mwezi. Sikumtumia. Nimeona ni heri nimjibu hapa, kwa kuwa najua wapo wengi katika Nyanda zetu za Juu Kusini wanaobeba mzigo huo peke yao, wakiwa na seva moja (kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote), bajeti ndogo na mkuu wa kazi asiyetaka kusikia habari za maafa.

Kwa miaka kadhaa nimesimamia mifumo ya kampuni inayosambaza mbolea na mbegu, yenye makao hapa Mbeya, tawi Iringa na maduka Mbalizi, Tukuyu na Tunduma. Nilipopendekeza kwa mara ya kwanza kwamba tutenge Jumamosi moja, tuzime seva kwa makusudi na kujaribu kurejesha huduma kutoka kwenye nakala za akiba za data yetu, mmoja wa wakuu wangu aliniambia mbele ya kikao kizima niache uchuro. Nilinyamaza, lakini maneno yale yaliniuma na bado yananiuma. Soko la Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, liliteketea mwaka 2006 na wafanyabiashara wakabaki mikono mitupu. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetele na kufukia nyumba za watu kule Itezi, jijini humu. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, na anayesikia radi ikinguruma juu ya Mlima Loleza kila masika, angepaswa kuwa wa kwanza kuuliza kampuni itafanya nini siku ikipoteza chumba chake cha seva.

Zoezi nililipata hatimaye, kwa kuomba na kuomba tena, nalo lilinifundisha jambo ambalo hakuna kielelezo cha kunakili kingeweza kunifundisha. Nakala za data yetu yote zilikuwa salama Iringa pia, zikiwa karibu terabaiti moja, yaani gigabaiti 1,000. Laini yetu ya intaneti ilikuwa ya megabiti 20 kwa sekunde. Tulipopiga hesabu, kuivuta terabaiti hiyo hadi Mbeya kungechukua zaidi ya siku nne, hata kama laini isingetetereka hata kidogo. Hifadhidata, yaani mkusanyiko wa kumbukumbu, ya mauzo na ghala peke yake, hata hivyo, ilikuwa na gigabaiti 10, yaani kazi ya saa moja na dakika chache. Siku hiyo tuliamua kwamba hifadhidata hiyo itakuja kwa intaneti, na vingine vyote, yaani mikataba, picha, barua za zamani na kumbukumbu za mishahara, vitakuja kwenye diski ndani ya basi.

Radi ilipiga alasiri moja ya Desemba, msimu wa mbolea ya kupandia ukiwa umepamba moto. Haikupitia kwenye nyaya za umeme, ambako tulikuwa tumefunga vifaa vya kuzuia umeme unaozidi kipimo. Ilishuka na waya wa mtandao kutoka kwenye antena iliyo juu ya paa, ikaunguza rauta, swichi, seva na kisanduku cha diski kilichotunza nakala za kila usiku, kwa kuwa vyote vilikaa kwenye kabati moja. Maduka yalitoa vitabu vya ankara vya karatasi vilivyokuwa vimewekwa tayari na kuendelea kuuza. Sisi tulitoa kompyuta ya akiba stoo, tukaunganisha modemu ya laini ya simu na kuanza kuvuta hifadhidata kutoka Iringa usiku huohuo, huku mwenzetu wa tawi akipanga kupandisha diski kwenye basi la alfajiri. Saa nne asubuhi maduka yote yalikuwa yanauza kwa mfumo, na kazi iliyopotea haikuzidi ya saa moja. Nasema hili kwa fahari, na sioni haya kulisema, kwa sababu katika kikao cha kufunga mwaka pongezi zote zilikwenda idara ya mauzo, na aliyeniambia niache uchuro hakunitazama usoni.

Mdogo wangu, kiini cha mpango wote ni kujua kipi kinarudi kwanza, na jibu hilo huwezi kulipata ukiwa peke yako ndani ya chumba cha seva. Kaa na mhasibu, mtunza ghala na watu wa kaunta, uwaulize mfumo huu ukikosekana kwa saa nne, kwa siku nzima, kwa wiki, ni nini kinaharibika. Uliza pia ni kazi ya muda gani wanaweza kuirudia kwa mkono bila kuumia. Kwetu, mauzo hayawezi kulala zaidi ya usiku mmoja, wala hatuwezi kurudia kazi yake ya zaidi ya saa moja, ndiyo maana nakala yake huenda Iringa kila saa. Mishahara inaweza kusubiri wiki, isipokuwa mwisho wa mwezi ukikaribia. Katika chama chako, bila shaka, salio la mwanachama ndilo litakalotangulia.

Wapo watakaokuambia kwamba mambo haya ni ya kampuni kubwa. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilifuta kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark katika nchi nyingi kwa mpigo. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zikaangamia pamoja, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo iliponea kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Intaneti ya huko ilikuwa finyu mno, ikabidi data ibebwe kwa ndege, ikabidhiwe kwa mwenzao Nigeria na kufikishwa Uingereza. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka diski yetu ndani ya basi la kutoka Iringa, nikaona kwamba ukubwa wa kampuni haukuwapunguzia chochote.

Usidanganyike pia na wanaosema weka kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, umalize kazi. Wingu nalo lina jengo. Moto ulipoteketeza jengo la seva la OVHcloud, kampuni ya huduma za wingu, mjini Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, wapo wateja waliogundua kwamba nakala zao zilikuwa zimehifadhiwa palepale. Na tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, yaani nyaya zinazotuletea intaneti, ilipokatika, intaneti ilidorora nchini kote, na data iliyo salama ng'ambo ikawa haifikiki. Kanuni ya zamani bado inafaa: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe mbali na ofisi. Kwangu mbali maana yake ni mji mwingine, na nakala mojawapo ikae imechomolewa kabisa ili kirusi kisiifikie. Diski inayosafiri ifungwe kwa usimbaji fiche, yaani data igeuzwe isisomeke bila ufunguo, kwani majina na namba za simu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na basi halichagui abiria.

Basi andika mpango wako mwenyewe, hata ukiwa wa kurasa mbili, uuchapishe na kuuweka nje ya ofisi pamoja na namba za simu za wahusika na maelezo ya mahali nywila zilipo. Kisha, kabla ya mvua za Novemba, mpe karatasi hiyo mtu ambaye hakuiandika, arejeshe huduma kwa kuifuata neno kwa neno, nawe ukae pembeni bila kumsaidia. Kila anapokwama, andika alipokwama na usahihishe hapo, halafu ndipo umpelekee mkaguzi.