Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Mfukoni Inayobadilishwa Lenzi

SWALI: Shikamooni wahariri. Natafuta kamera ya kubadilisha lenzi ambayo itaingia mfukoni. Napiga picha za sokoni na mitaani, na nikitoa kamera kubwa watu wote wananigeukia. Simu ninayo, ila usiku hainitoshi. Ninunue ipi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Anza na rula: pima mfuko wako kwanza, majina ya kamera yatafuata. Wanunuzi wengi hutazama bodi (kamera bila lenzi) peke yake, halafu wakishafunga lenzi wanakuta kamera haiingii. Unachopaswa kujumlisha ni unene wa bodi na unene wa lenzi. Mfuko wa koti au wa kanzu hupokea sentimita 5 hadi 6 bila taabu. Mfuko wa mbele wa jinzi haupokei hata moja kati ya kamera tunazozitaja hapa, na muuzaji akikuambia unapokea, mwombe aitie yeye mwenyewe.

Kwa udogo, ya kwanza ni Panasonic Lumix GM1 ya mwaka 2013. Ina upana wa milimita 98.5, kimo 54.9 na unene 30.4, na uzito wa gramu 204 ikiwa na betri na kadi. Lenzi yake ya zumu ya 12-32mm ikikunjwa ina urefu wa milimita 24 na gramu 70 tu. Jumla ya unene ni kama sentimita 5 na nusu. Sensa yake, yaani kipande cha ndani kinachopokea nuru badala ya filamu, ni ya mfumo wa Micro Four Thirds, milimita 17.3 kwa 13, megapikseli 16.

Udogo huo una gharama zake. Shata ya chuma, yaani pazia linalofunguka na kufunga nuru, inakomea 1/500 ya sekunde. Ukipita hapo kamera inahamia shata ya kielektroniki, ambayo husoma sensa mstari kwa mstari, hivyo bodaboda inayopita kasi hutoka imelala upande. Ndani ya ukumbi wenye taa za LED au mirija, shata hiyo huacha mistari ya giza kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde: weka 1/50 au 1/100, mistari itapungua au itaisha kabisa. Haina kitundu cha kuchungulia, na saa sita mchana skrini haionekani vizuri. Ndugu yake GM5 ya mwaka 2014 ina kitundu hicho na mahali pa kuchomekea flashi, ila haina flashi ya ndani.

Sasa usiku. Zumu hiyo ya f/3.5-5.6 (namba ya f ikipanda, nuru inayoingia hupungua) haitakufaa baada ya magharibi. Tafuta Panasonic 20mm f/1.7, yenye gramu 100 na unene wa milimita 25.5: ukilinganisha na f/4, f/1.7 huingiza nuru mara 5 na ushee. Fokasi yake ni ya polepole na ina mlio, lakini kwa mtu aliyeketi au mchuuzi aliyesimama kwenye meza yake haina tatizo. Kama huna fedha za vyote viwili, chukua bodi ya Micro Four Thirds ya bei nafuu zaidi na uinunulie lenzi hii. Kwa picha za usiku hatuna shaka na ushauri huo.

Ukikubali sentimita 6, Canon EOS M200 ya mwaka 2019 pamoja na lenzi ya EF-M 22mm f/2 ni mchanganyiko mzuri sana. Bodi ina gramu 299, lenzi gramu 105 na unene wa milimita 23.7, na sensa ya ukubwa uitwao APS-C ina eneo la karibu mara moja na nusu ya ile ya Panasonic. Ila fahamu kwamba Canon imehamia mfumo wa lenzi wa RF na haitoi tena lenzi mpya za EF-M, ambazo ndizo za M200. Ukitosheka na lenzi mbili tatu zilizopo, haidhuru. Ukitaka kupanua mkusanyiko mwaka hadi mwaka, hapo utakwama.

Wasomaji huuliza kwa nini hatupendekezi mpya za dukani. Canon R100 ya mwaka 2023, kwa mfano, ina unene wa karibu milimita 69 kabla hujafunga lenzi yoyote, kwa sababu ya kishikio na kitundu cha kuchungulia. Ni kamera nyepesi, lakini ya mkobani.

SWALI: Habari za kazi. Kuna kijana ananiuzia Sony a5100 ya mtumba na lenzi yake ya 16-50mm. Anasema imetoka Japani. Nikague nini kabla sijatoa pesa?
Mama Mpigapicha, Mombasa

JIBU: Salama, mama. Kwa kuwa imetoka Japani, kitu cha kwanza ni lugha. Kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani huwa na menyu ya Kijapani peke yake. Fungua menyu, nenda kwenye mipangilio, tafuta orodha ya lugha. Usipoikuta, au ukakuta Kijapani tu, ujue ndivyo itakavyobaki. Picha zitakuwa nzuri vilevile, lakini bei lazima ishuke, na siku ukitaka kuiuza nawe utaulizwa swali hilohilo. Kama mnaelewana kwa simu, mwambie akutumie picha ya ukurasa huo wa menyu.

Halafu ishike lenzi. Hii 16-50mm ni zumu ya injini, na injini ndiyo huchoka. Washa na uzime mara kumi mfululizo. Lenzi itoke na kurudi kwa mwendo uleule, bila kukwaruza na bila kusimama katikati. Ikisita hata mara moja, hesabu kwamba unanunua bodi peke yake: mchanga umeingia, au utepe wa waya wa ndani unaanza kukatika, na matengenezo yanaweza kuzidi bei ya lenzi nyingine ya mtumba.

Baada ya hapo piga ukuta wa matofali au ubao wa matangazo, kamera ikiwa sambamba nao, kwa 16mm na f/5.6. Kuza picha kwenye skrini, linganisha pembe nne. Pembe zote zikififia kidogo ni kawaida ya lenzi hii. Moja ikififia kuliko wenzake, lenzi ilianguka na vioo vyake vimekaa upande.

Piga pia anga tupu au karatasi nyeupe kwa f/16. Madoa ya kijivu ni vumbi juu ya sensa na husafishwa kwa kipulizio cha mpira. Mstari mwembamba usiotoka ni mkwaruzo, achana nayo. Usikubali mtu apulize sensa kwa mdomo wala kwa kopo la hewa iliyobanwa. Mate na gesi huacha alama.

Inua skrini hadi ikutazame wewe na uishushe mara kadhaa ukiangalia kama inakatika. Fungua mlango wa betri: rangi ya kijani au unga mweupe kwenye shaba ni dalili ya kutu, na mkifika hapo mrudishie kamera yake. Betri isikutie hofu. Ni NP-FW50, ileile ya a6000 na ZV-E10, na kamera yenyewe huchajiwa kwa waya wa micro USB. Kama utarekodi video ndefu za harusi, iwekwe mbali na jua na skrini iachwe wazi kutoka kwenye bodi, kwa kuwa hupata joto na kujizima.

SWALI: Ndani ya lenzi yangu kumeota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ni nini, na nifanyeje?
Msomaji, Unguja

JIBU: Pole sana. Hiyo ni fangasi, na kwa hewa ya visiwani ni adui mkubwa kuliko vumbi. Hustawi penye giza na unyevu, kwa hiyo mkoba wa ngozi uliofungiwa kabatini ndiyo nyumba yake. Itenge lenzi hiyo na nyingine leo hii. Nyuzi zikiwa kwenye kioo cha mbele, fundi anaweza kufungua na kusafisha. Zikishakula rangi ya juu ya kioo, alama haitoki. Usijaribu spiriti wala manukato.

Lenzi zilizo salama ziweke katika bakuli la plastiki la chakula lenye mfuniko usiopitisha hewa, pamoja na punje za silika zinazobadilika rangi, na kipima unyevu kidogo ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Punje za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimejaa maji: zimwage kwenye sinia, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, kisha zirudishe zikishapoa. Na kabla ya kutoka kwenye chumba cha kiyoyozi, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, na ukifika nje iache humo kwa nusu saa kabla ya kuitoa mfukoni, ili umande utue juu ya plastiki na kioo kibaki kikavu.

SWALI: Lenzi ya 50mm ya kamera ya filamu ya marehemu baba itafanya kazi kwenye hizi kamera ndogo?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Itafanya, kwa adapta. Kamera hizi hazina kioo cha kuakisi nuru ndani, hivyo sensa iko karibu na mdomo wa lenzi: milimita 18 kwa Sony, 19.25 kwa Micro Four Thirds, wakati kwa Nikon ya filamu, kwa mfano, ni 46.5. Adapta ni bomba la kujaza nafasi hiyo. Washa kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi, la sivyo kamera itakataa. Fokasi na tundu la nuru (namba ya f) utavizungusha kwa mkono, na kwa kuwa sensa ni ndogo kuliko filamu, 50mm hiyo itakupa mwono wa 75mm kwenye Sony na wa 100mm kwenye Panasonic: nzuri kwa sura za watu, finyu kwa sebule. Mfukoni haitaingia tena, kwa hiyo iwe lenzi ya pili.